MLANGO WA BENKI USIFUNGULIWE KWA UFUNGUO WA DUKA MOJA

Mabenki yetu yameingia katika zama za kompyuta, na serikali nayo imo mbioni kuzipeleka huduma zake huko huko. Hilo ni jambo jema, wala hakuna mwenye insafu atakayelipinga. Mwananchi anayeweza kuangalia salio lake, kulipa ada au kumpelekea mzazi wake fedha bila ya kupanda boti, na bila ya kupanga foleni tangu alfajiri, ameokolewa muda wake. Na muda ni mali. Lakini kila neema ina adabu zake. Leo tunapenda kulizungumza jambo moja ambalo wengi hulidhania ni dogo, la mafundi na vijana wa kompyuta tu, ilhali kwa hakika ni jambo la utawala na la haki ya raia. Je, mtu ambaye kompyuta yake inaendeshwa na mfumo uitwao Linux, na siyo mfumo wa kampuni mashuhuri, ana haki ya kuifikia fedha yake mwenyewe kwa kompyuta hiyo?

Kwanza tuwafahamishe wasiojua. Kompyuta haifanyi kazi kwa chuma chake peke yake. Inayo programu kuu inayokiamuru chuma hicho, ambayo wataalamu huiita mfumo endeshi. Kompyuta nyingi za mezani huuzwa zikiwa tayari na mfumo wa Windows, ambao ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Linux ni mfumo mwengine. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na tangu mwaka 1992 kimekuwa kikitolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kukitumia, kukinakili, kukichunguza na kukirekebisha. Kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android ambazo wasomaji wetu wengi wanazo mikononi, na ndicho kinachoendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti. Kwa hiyo anayedhani kwamba Linux ni mchezo wa wachache, aghalabu anaitumia kila siku bila ya kujua.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa skuli aliyepata kompyuta kongwe, isiyoweza tena kubeba toleo jipya la Windows. Fundi amemtilia Linux bila ya malipo ya leseni, na kompyuta imefufuka. Anaandika mitihani, anasoma habari, anapokea barua. Siku anapotaka kuingia katika akaunti yake ya benki, hukutana na kikwazo, na kikwazo hicho huwa cha namna tatu. Namna ya kwanza, tovuti ya benki hukiuliza kivinjari jina lake na jina la mfumo wake, na ikisikia jina isilolizoea hufunga mlango. Namna ya pili, tovuti hudai mtu aongeze programu maalumu katika kompyuta yake, na programu hiyo imeandikwa kwa ajili ya Windows tu. Namna ya tatu, benki hutoa kadi au kifaa cha kuchomeka, na programu ya kukitambua kifaa hicho haikuandikwa kwa mfumo mwengine.

Kikwazo cha kwanza ni cha kuchekesha, lau si kwamba kinaumiza. Watumiaji wa Linux hukiamuru kivinjari chao kijitambulishe kwa jina la uongo, na mara nyingi tovuti ile ile iliyokataa hufunguka na kufanya kazi sawasawa. Maana yake ni kwamba hapakuwa na kizuizi cha ufundi hata kidogo. Palikuwa na bawabu tu, aliyeambiwa asimpitishe asiyevaa kanzu ya rangi fulani. Kikwazo cha pili ni kizito zaidi. Dawa yake huwa kuiweka Windows juu ya Linux, ndani ya kompyuta ya kuigiza, au kuziweka zote mbili na kuchagua moja kila unapoiwasha kompyuta. Kwa lugha nyepesi, mtu hutakiwa anunue bidhaa ya mfanyabiashara mmoja ili aruhusiwe kuigusa fedha yake iliyoko kwa mfanyabiashara mwengine.

Kuna nchi moja ambayo ililifanya jambo hili kuwa sheria ya taifa, na safari yake ni darasa kamili kwa kila ofisa anayetunga kanuni. Nchi hiyo ni Korea ya Kusini.

Katika miaka ya 1990 sheria za Marekani zilizuia kupeleka nje programu zenye uwezo mkubwa wa kuandika kwa fumbo. Vivinjari vilivyouzwa nchi za nje vilikuwa na ufunguo wa biti 40 tu, kiasi ambacho hakikutosha kuilinda fedha ya mtu. Wakorea hawakukubali kukaa na kusubiri hisani. Wataalamu wa wakala wao wa usalama wa habari walibuni fumbo lao wenyewe lenye ufunguo wa biti 128, wakaliita SEED. Mwaka 1999 ikapitishwa Sheria ya Saini za Kielektroniki, iliyoanzisha vyeti vinavyotolewa na taasisi zilizoidhinishwa na serikali. Raia alikihifadhi cheti chake katika kompyuta au katika kijiti cha kuchomeka, na kwa cheti hicho akatia saini kila anapohamisha fedha. Hapo hapana la kulaumiwa. Taifa lililonyimwa kufuli likajifulia kufuli lake, na hiyo ni sifa ya watu wanaojitegemea.

Kosa lilikuja katika namna ya kuifikisha kufuli hiyo kwa raia. Vivinjari vya kawaida havikulijua fumbo la SEED wala vyeti vile, hivyo ilibidi iongezwe programu ya pembeni. Programu hiyo ikajengwa kwa ufundi wa ActiveX wa kampuni ya Microsoft, unaofanya kazi ndani ya kivinjari cha Internet Explorer, juu ya Windows. Mwanzoni palikuwapo na kivinjari cha Netscape kilichoshindana nacho, lakini kilipofifia, mabenki na maduka hayakuona haja ya kukihudumia chengine. Kwa hiyo kanuni iliyokusudiwa kuikomboa nchi kutoka katika vizuizi vya Marekani ikaishia kulifunga taifa zima katika bidhaa ya kampuni moja ya Marekani. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba Marekani ilivilegeza vizuizi vyake mwezi Januari 2000. Sababu ya kanuni ilikwisha katika mwaka ule ule ambapo kanuni ilianza kuota mizizi, na kanuni ikabaki.

Ikawa mwenye Linux, kadhalika mwenye kompyuta ya Macintosh, hawezi kuhamisha fedha benki, hawezi kununua bidhaa kwa kadi, na shughuli zake nyingi na serikali zimekwama. Mwaka 2007 Profesa Kim Keechang wa Chuo Kikuu cha Korea, ambaye ni mwalimu wa sheria na wala si fundi wa kompyuta, aliongoza kesi dhidi ya taasisi ya hawala za mabenki iliyokuwa ikitoa vyeti hivyo, akidai kwamba si haki kuwanyima huduma wasiotumia bidhaa za Microsoft. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikaamua dhidi yake. Mahakama haikumsaidia, lakini matukio yalikuwa upande wake.

Tukio la kwanza lilikwishatokea mwanzoni mwa mwaka 2007, pale Microsoft yenyewe ilipotoa Windows Vista iliyokaza masharti ya programu za ActiveX. Huduma nyingi za Korea zikayumba, na mabenki yakalazimika kuzirekebisha programu zao kwa haraka. Tunaomba wasomaji waizingatie nukta hii. Serikali ilidhani imeweka kanuni ya usalama, kumbe imemkabidhi mfanyabiashara wa ng'ambo uwezo wa kulitikisa soko la fedha la nchi nzima kwa kubadilisha bidhaa yake tu.

Tukio la pili ni simu. Mwezi Novemba 2009 simu ya iPhone iliingia katika soko la Korea, nayo haiijui ActiveX. Ghafla wanaolalamika hawakuwa tena wachache wenye Linux, bali maelfu kwa maelfu ya wenye simu. Mwaka 2010 serikali ikalegeza kidogo: manunuzi ya chini ya won 300,000 hayakuhitaji tena cheti. Katika mwaka huo huo benki ya Woori ilifungua huduma iliyowapokea wenye Windows, Macintosh na Linux kwa pamoja, na kwa kitendo hicho ikadhihirisha kwamba lililosemwa haliwezekani lilikuwa linawezekana siku zote.

Tukio la tatu ni la ajabu. Mwezi Machi 2014 Rais Park Geun-hye, katika kikao kilichoonyeshwa na televisheni, alilieleza taifa kwamba watazamaji wa China wamelipenda koti lililovaliwa na mwigizaji katika tamthilia mashuhuri ya Korea, lakini hawawezi kulinunua katika maduka ya Korea kwa sababu ya vyeti na ActiveX. Koti moja likafanya lile ambalo hoja za haki za raia hazikulifanya kwa miaka. Mwaka 2015 sharti la kutumia vyeti hivyo katika miamala ya fedha likaondolewa, na tarehe 10 Disemba 2020 cheo maalumu cha vyeti hivyo kikafutwa na sheria. Microsoft nayo ilikiacha Internet Explorer mwezi Juni 2022.

Hata hivyo kamba ya mazoea haikatiki kwa siku moja. Mabenki mengi yaliiacha ActiveX, lakini yakaweka mahala pake programu nyengine za kupakua: moja ya kulinda kibodi, moja ya kuzuia wavamizi, moja ya cheti. Nguo zilibadilishwa, mwili ukabaki ule ule. Mwezi Machi 2023 idara ya ujasusi ya Korea ya Kusini ilitangaza kwamba wavamizi wa Korea ya Kaskazini waliutumia udhaifu uliokuwa ndani ya programu ya namna hiyo, iliyoenea katika mamilioni ya kompyuta, kuziingia kompyuta za taasisi za nchi hiyo. Programu iliyowekwa kumlinda raia ikawa ndiyo ngazi ya mwizi. Wala si ajabu, kwani watu walizoezwa kwa miaka ishirini kubonyeza "Ndiyo" kila tovuti inapowataka waongeze programu. Mtu aliyefundishwa kumfungulia kila anayebisha hodi, hawezi kulaumiwa siku anayobisha ni jambazi.

Na lipo funzo jengine lenye kejeli ndani yake. Mwezi Mei 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani na Usalama ya Korea ilitangaza mpango wa kujaribu Linux katika kompyuta za serikali, ili kupunguza gharama za leseni wakati ambapo msaada wa Windows 7 ulikuwa unamalizika. Yaani serikali ile ile iliyowazoeza raia wake kuwa lazima wawe na Windows, ilikuja kuona kwamba Windows inaigharimu, na ikajikuta inautafuta mlango ambao kanuni zake zenyewe zimeuziba.

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Nchini Ujerumani, makundi ya mabenki yalikubaliana katika miaka ya 1990 juu ya lugha moja ya mazungumzo baina ya kompyuta ya mteja na kompyuta ya benki. Lugha hiyo iliitwa HBCI, na tangu mwaka 2002 inaitwa FinTS. Maelezo yake yalichapishwa hadharani. Matokeo yake ni kwamba yeyote mwenye ujuzi aliweza kuandika programu ya kuzungumza na benki, na zikapatikana programu za bure zinazofanya kazi juu ya Linux, kama vile GnuCash na Hibiscus, ambazo mtu huangalia kwazo salio lake na kutuma hawala bila ya kumnyenyekea mtu. Fauka ya hayo, mabenki mengi ya huko hutoa kifaa kidogo cha mkononi. Mteja hutumbukiza kadi yake ndani ya kifaa, kifaa husoma alama kutoka kwenye kioo cha kompyuta, kisha humwonyesha kiasi cha fedha na akaunti inayopelekewa, na kumpa tarakimu za kuthibitisha muamala huo tu. Kifaa hicho hakijali kama kompyuta ni ya Windows au ya Linux. Tena kina faida kubwa zaidi: hata kama kompyuta imekwishaingiliwa na mwizi, mteja aliyesoma kwa makini atakiona kiasi kilichobadilishwa, na atakataa.

Tofauti ya nchi mbili hizi si ya elimu wala ya utajiri, kwani zote mbili ni hodari. Tofauti ni kwamba Ujerumani ilikubaliana juu ya lugha, na Korea ikawafunga watu kwenye chombo. Lugha inayojulikana na wote haina mwenyewe wa kuipandishia bei. Chombo kina mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wenye Linux ni wachache, na benki haiwezi kumshonea kila mtu nguo yake. Hoja hii tunaiheshimu lakini hatuikubali. Hakuna aliyeomba nguo ya peke yake. Kinachoombwa ni tovuti ijengwe kwa kanuni za pamoja za intaneti, ambazo vivinjari vyote vya leo vinazifuata, juu ya mfumo wowote ule. Anayejenga hivyo hapati kazi ya ziada. Anayejenga kwa ajili ya kampuni moja ndiye atakayejenga mara ya pili, kama mabenki ya Korea yalivyojenga mara ya pili na ya tatu. Wapo pia watakaosema kwamba usalama unahitaji masharti makali. Ni kweli, na makali yawepo. Lakini sharti kali ni lile linalomtaka mwenye mlango aulinde, siyo lile linalomtaka mgeni anunue viatu katika duka fulani.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Kwetu sisi watu wa visiwani, mfano mzuri tunao mikononi. Mama wa shambani mwenye simu ndogo ya vibonyezo hubonyeza nyota, tarakimu na reli, akatuma na kupokea fedha sawa na mwenye simu ya bei kubwa. Hakuulizwa simu yake imetengenezwa na nani. Haya yamewezekana kwa sababu simu zote hizo zinafuata kanuni za pamoja za GSM. Laiti huduma hiyo ingefungwa kwenye simu za kampuni moja, ingekuwa neema ya watu wa mjini tu. Wala ujuzi wa programu huru si mgeni katika ardhi yetu: mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Uwezo upo. Kinachohitajika ni kutoufungia nje.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wetu, hasa wanaoandika masharti ya zabuni na wanaotia saini mikataba ya mifumo ya malipo, wayazingatie mambo manne. Kwanza, sharti litaje amana inayolindwa, na lisitaje bidhaa ya kuilindia. Pili, kabla ya mkandarasi kulipwa malipo yake ya mwisho, mfumo ujaribiwe mbele ya mashahidi kwa kompyuta ya Windows, ya Macintosh, ya Linux na kwa simu ya kawaida. Kitakachokataa kirekebishwe kwa gharama ya aliyejenga. Tatu, mwananchi asidaiwe kuongeza programu yoyote ya pembeni pale ambapo kivinjari kinatosha. Na leo kinatosha kwa mengi, kwani tangu mwezi Machi 2019 upo utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha mtumiaji kwa ufunguo badala ya neno la siri, ambao vivinjari vikubwa vinaujua. Nne, kila kanuni ya ufundi iwe na muda wa kutazamwa upya, ili isije ikaishi kuliko sababu yake.

Na wananchi nao wana wajibu wao. Mwenye Linux asijidanganye kwamba amevaa hirizi. Mwizi anayetengeneza tovuti ya kughushi na kumtaka mtu aandike neno lake la siri hana haja ya kujua mfumo wake. Kivinjari kiwe kipya daima, anwani ya benki iandikwe kwa mkono wa mwenyewe wala isifuatwe kutoka katika ujumbe wa mtu asiyejulikana, na programu isiyojulikana asili yake isiingizwe ndani ya kompyuta. Na pale benki inapomkataa mtu kwa sababu ya jina la mfumo wake tu, asinung'unike barazani. Aandike barua, aeleze kivinjari chake na kosa alilolikuta, na adai jibu kwa maandishi. Malalamiko yasiyoandikwa hayamo katika jalada, na lisilomo katika jalada halisikiki ofisini.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Korea ya Kusini ilinyolewa kwa muda wa miaka ishirini, ilhali ni taifa lenye mafundi wengi na mitambo mingi. Sisi ambao tunajenga sasa, na hatuna fedha ya kujenga mara mbili, tunayo nafasi ya kuanza sawa. Fedha ya mwananchi iliyoko benki ni amana. Na mwenye amana akija kuitaka, huulizwa kama yeye ndiye mwenyewe. Haulizwi kompyuta yake kainunua duka gani.